Kozi ya Chuo Kikuu Haichaguliwi Steshenari

 

Ndugu mwanafunzi, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, foleni hapa Karatu mjini haiwi kwa walimu wala kwa watu waliokwisha kupita chuo kikuu. Huwa kwenye maduka ya steshenari. Mwanafunzi huingia na namba yake ya mtihani, hukaa kwenye benchi, na kijana wa kompyuta humuuliza, "Nikujazie nini?" Naye hujibu, "Weka yoyote ile ninayoweza kupata." Baada ya dakika ishirini ameshajaziwa kozi tatu au tano, amelipa, ameondoka. Hivyo ndivyo miaka mitatu, minne au mitano ya umri wake inavyoamuliwa, pamoja na deni la mamilioni ya shilingi.

Kijana wa steshenari hana kosa. Yeye analipwa kwa kujaza fomu, na fomu amejaza. Kosa ni letu tuliomfanya kuwa mshauri mkuu wa elimu wa mji mzima. Ndiyo maana mwaka huu nimeona tuzungumze juu ya ushauri wa masomo na kazi: unatafutwa wapi, unaanza lini, na mtu anapaswa kuuliza nini.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Surat An-Nahl aya ya 43 tumeamrishwa tusiyoyajua tuwaulize wenye kuyajua. Tazama na Mtume (S.A.W.) alivyowalea maswahaba. Alipohitaji mtu wa kuandika na kusoma barua za Mayahudi hakuita yeyote aliyekuwa karibu. Alimwagiza Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi yao, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi hivi. Zayd huyohuyo ndiye aliyesifiwa kwa ujuzi wa mirathi, Ubayy bin Ka'ab kwa kisomo cha Qur'ani, na Muadh bin Jabal kwa kujua halali na haramu. Walimu wao alikuwa mmoja, lakini kila mmoja alikuwa na fani yake. Na Nabii Yusuf (A.S.) alipomwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi alitaja sababu: yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. Alijua anachokiweza, na alijua nchi inahitaji nini katika miaka ya njaa iliyokuwa inakuja. Ukiyajua hayo mawili juu yako mwenyewe, umeshapata nusu ya ushauri.

Wako wanaosema, "Mimi nimeshaswali istikhara." Vizuri sana, lakini istikhara ni dua ya mtu aliyekwisha kutafakari na kuuliza, akapata jambo la kuliombea. Mtu asiyejua kozi ya Sheria inasomwa miaka mingapi na inamfikisha wapi, akaswali rakaa mbili halafu akaenda steshenari kujaza, huyo ameacha sababu aliyoamrishwa kuishika.

Tuje kwenye mambo yenyewe. La kwanza ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kozi ya chuo kikuu haianzi kuchaguliwa kidato cha sita. Huanza kidato cha nne, pale unapochagua kombi, au tahasusi kama zinavyoitwa rasmi. Aliyesoma Historia, Jiografia na Kiswahili hawezi kuomba udaktari hata akipata A zote, kwa sababu udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kozi nyingi za uhasibu na uchumi huangalia hata alama yako ya Hisabati ya kidato cha nne, ile ambayo wewe uliiona imepita na kusahaulika. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikawa jumla 65, na miongoni mwa makundi yake lipo la elimu ya dini. Ni jambo la kushukuru. Lakini kabla hujaichagua yoyote kati ya hizo mpya, chukua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uone ni kozi zipi zinazoitaja. Jina la tahasusi likikuvutia huku kozi uitakayo haiitaji, utakuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Kwa wale wa madrasa liko lingine ninaloomba mlisome mara mbili. Wanaotaka kusoma cheti au diploma katika vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET hutakiwa wawe wamefaulu masomo manne ya kidato cha nne, na miongozo huandika wazi kwamba ni masomo yasiyo ya dini. Kwa hiyo mwenye D nne, na moja kati ya hizo ikawa ni Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa hesabu ya chuo ana tatu tu. Hiyo haina maana uliache somo hilo. Lisome na ulifaulu, maana ni dini yako, ila usilihesabu ndani ya zile nne. Vilevile cheti chetu cha thanawi, pamoja na heshima yake, peke yake hakimwingizi mtu katika shahada ya vyuo vya hapa nchini.

Kwa upande wa chuo kikuu, kiwango cha chini cha jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha prinsipo yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake mwenye D mbili anaweza kuomba, ila masomo hayo yawe ndiyo yanayotakiwa na kozi husika, na kozi nyingi hupanda juu ya hapo. Aliyepitia diploma huangaliwa GPA yake, ambayo kwa kawaida isipungue 3.0. Njia hii ya diploma watu wa kwetu huidharau, huiona ya walioshindwa. Mimi naiona ni njia nzuri mno kwa mtu asiye na fedha. Husoma, hupata kazi, kisha huendelea akiwa anajua hasa anachokitafuta.

Sasa ukishaziona kozi zinazokupokea, hapo ndipo ushauri unapotakiwa. Usimwendee mtu ukamuuliza, "Kozi gani inalipa?" Hilo swali kila mtu hulijibu, na hakuna anayelijibu kwa ujuzi. Mwendee muuguzi, mhandisi wa maji, mhasibu wa halmashauri, bwana mifugo, umuulize: jana ulifanya kazi gani toka asubuhi hadi jioni? Ulipomaliza chuo ulikaa muda gani bila kazi? Baada ya shahada ulitakiwa kufanya nini kingine? Majibu ya maswali hayo matatu yana faida kuliko ya wiki nzima ya kusikiliza watu wa kijiweni.

Swali la mwisho wengi hawaliulizi kabisa, na mfano wake ni Sheria. Vijana wengi hupenda kuitwa mawakili. Lakini shahada ya Sheria peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna Shule ya Sheria Tanzania, nayo ina mtihani wake. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala nchi nzima, kwa kuwa kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara moja. Wengine walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na wengine wakaondolewa. Serikali iliunda kamati kuchunguza. Sisemi usisome Sheria, Waislamu tunahitaji mawakili na mahakimu. Nasema uiingie ukijua kwamba safari ina kituo kingine mbele. Hali kadhalika daktari ana miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini kabla hajasajiliwa. Na anayesomea ualimu akidhani akimaliza atapangiwa kituo kama walivyopangiwa kaka zake, ajue kwamba tangu mwaka 2024 walimu nao huitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira.

Usaili wenyewe nao tusiufanyie mzaha. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya watu 84 kwa kila nafasi moja. Kwa hiyo ukisema "nitasoma uhasibu nikafanye TRA", umetaja matumaini, hujataja mpango. Mpango ni kujua utafanya nini ukiwa miongoni mwa wale 83.

Na hapo narudi kwetu. Kijana wa Karatu ukimuuliza atafanya kazi gani, jibu la kwanza ni utalii. Haishangazi, kwani magari ya wageni yanapita mlangoni kwake kwenda Kreta, na watu wengi hapa hula kwa kazi hiyo. Lakini kumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani. Mwaka 2019 nchi yetu ilikuwa imepokea wageni kiasi cha milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki sita na elfu ishirini. Hoteli zilifungwa, madereva na waongoza watalii wakarudi mashambani. Wageni walirudi tena baadaye, alhamdulillah. Waliostahimili vizuri zaidi kipindi kile ni wale waliokuwa na ujuzi wa ziada: lugha, ufundi wa magari, hesabu, ualimu. Basi anayetaka utalii asome utalii, na asiishie kwenye usukani. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya mlima Kilimanjaro, hufundisha usimamizi wa wanyamapori na utalii kuanzia cheti hadi shahada, na hakiko mbali na sisi.

Zaidi ya utalii kuna mambo yaliyo mbele ya macho yetu ambayo hatuyaoni kuwa ni fani. Mfugaji wa Ngorongoro huhamisha ng'ombe wake nyumbu wanapozaa kule nyikani kwa sababu anajua kuna ugonjwa unatoka kwa ndama wa nyumbu kuja kwa ng'ombe. Hiyo ni elimu, na mtoto wa mfugaji huyo akiongezea udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, atakuwa daktari ambaye wa mjini hamfikii. Mang'ola inalima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Maji hayo yakigombaniwa kila msimu, nani kati yetu amesomea umwagiliaji? Wakulima wetu wa mbaazi walipata pigo mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inayonunua nje, bei ikaanguka watu wakabaki na magunia ndani. Aliyesomea uchumi wa kilimo na biashara angeweza kuwaeleza mapema nini kinakuja, au angalau wapi pengine pa kuuza.

Na Olduvai je? Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota pale fuvu lililofanya dunia nzima ilijue bonde lile, na Laetoli zikaonekana nyayo za miaka milioni 3.6. Wageni huvuka bahari kuja kuchimba, sisi tunauza maji ya chupa njiani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha akiolojia. Najua wapo wazee watakaokunja uso wakisikia hili. Imani yetu juu ya Adam (A.S.) inatokana na Qur'ani na haiondolewi na mtu kujua kupima umri wa mwamba. Akiwepo Muislamu mwenye elimu hiyo, ndiye atakayeweza kujibu maswali ambayo sisi sote tunayakimbia.

Jambo la fedha. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na bila ya hiyo watoto wa wakulima wengi wasingefika chuoni. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imewafikia pia baadhi ya wanafunzi wa diploma. Wenye ufaulu wa juu kabisa wa masomo ya sayansi wana ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022. Lakini mkopo ni deni, na ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka umalize. Iliyokuwapo zamani ni tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani, iliyowatia wasiwasi Waislamu wengi kwa ajili ya riba. Hiyo ilifutwa mwaka 2021. Aliyebakiwa na shaka amuulize shekhe wake, asimuulize mwenzake wa bwenini. Tunajua Mtume (S.A.W.) alisita kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba. Basi ukikopa, kopa kwa kozi uliyoichagua kwa akili, na "bumu" likiingia usilifanye simu mpya.

Hapa wengi wa Ngorongoro na vijiji vya Karatu hukwama kwa jambo dogo: makaratasi. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi anatakiwa cheti cha kifo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani hana cha kuzaliwa, na baba aliyezikwa kijijini hana cha kifo. Halafu majina. Cheti cha shule kinasema Mohamed, cha kuzaliwa Muhammad, kitambulisho cha NIDA Mohammed. Kwetu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Marekebisho yake hupita kwa kiapo na huchukua muda. Anza kidato cha tatu, usingoje matokeo. Na siku ya kujaza maombi ya chuo, namba ya simu iwe yako mwenyewe. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye simu iliyoandikwa. Ikiwa uliandika ya steshenari, utamtafuta kijana yule mji mzima.

Wale wanaotaka kuendelea na elimu ya dini wana milango pia. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kipo tangu mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu tangu 1998. Nje kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, chenye kufadhili wanafunzi wa nchi nyingi. Anayekwenda nje na apitie TCU kabla ya kuondoka, ajue kama chuo na shahada yake vitatambuliwa akirudi. Tumewaona watu wenye elimu kubwa ya sharia wakishindwa kuajiriwa ualimu kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Aangalie pia usalama wa nchi. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisoma kule walilazimika kurudishwa nyumbani na masomo yao yakakatika.

Mabinti nao. Mzazi akikataa binti yake aende Dar es Salaam mara nyingi hakatai elimu, anaogopa mahali pa kulala. Basi mpelekee jibu la hilo kabla ya kumpelekea jina la kozi: hosteli ipi, nani mwenyeji, jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ya chuo hicho inasimamiwa na nani. Na viko vyuo vizuri Arusha na Tengeru, mwendo wa saa chache. Na kwa mzazi anayeng'ang'ania udaktari hali mtoto ana F ya Kemia, mtume mwalimu au mjomba azungumze naye kwa adabu akiwa na mwongozo wa TCU mkononi. Maandishi hayamkosei mzazi heshima kama maneno ya mtoto.

Ukishafika chuoni, ushauri haujaisha. Kila idara huwa na mwalimu aliyepewa kuwashauri wanafunzi kimasomo, na kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wengi huifahamu ofisi hiyo siku ya kudisko. Nenda wiki ya kwanza. Ukiona kozi si yako, utaratibu wa kuhama upo, ila ni wa majuma machache ya mwanzo. Jua hesabu ya GPA tangu muhula wa kwanza: 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 ni daraja la pili la juu, 2.7 la pili la chini, na chini ya 2.0 hupiti. Sapu moja ya mwaka wa kwanza haimuui mtu, lakini GPA huihesabu miaka yote, na anayetaka shahada ya uzamili huangaliwa hapo.

Kwa wanaomaliza mwaka huu, walimu wa madrasa tutakaa baada ya swala ya Alasiri siku za Jumamosi, tangu matokeo yatakapotoka mpaka maombi yatakapofungwa. Njoo na matokeo ya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa na kozi tatu ulizozisoma mwenyewe kwenye mwongozo. Tutajitahidi tuwe na mtu mmoja angalau aliyesoma kila unachokitaka, au namba yake ya simu. Steshenari utakwenda baada ya hapo, ukiwa na karatasi yenye majina ya kozi kwa mpangilio wako, na kijana atajaza kama ulivyoandika.

Wabillahi tawfiq.